Mutisya Munge wa Wamunyu: mkono ulioleta vinyago Pwani

Ndugu zangu wa Pwani, kuna jina moja ningependa tulizoee midomoni mwetu kama tulivyozoea majina ya washairi na mafundi wetu wa milango. Jina hilo ni Mutisya Munge. Hakuwa mtu wa Pwani. Alikuwa Mkamba wa Wamunyu, upande wa Machakos, na ni marehemu wa miaka mingi. Lakini kutoka Diani hadi Malindi, sijui duka la zawadi wala kibanda cha ufuoni ambacho hakikula kutokana na kazi aliyoianzisha. Yule twiga wa mti anayechungulia nje ya begi la mtalii pale uwanja wa ndege, ukifuata nasaba yake utafika kwa mzee huyu.

Naandika habari zake kwa sababu ya neno ninalolisikia sana barazani. Watu husema vinyago ni biashara ya wabara, wamekuja nayo kutoka huko kwao na sisi wenyeji twatazama tu. Wanaosema hivyo hawajui safari ya kazi hii. Nilipokwenda Machakos mwaka huu kwa shughuli za kifamilia, nilichukua siku moja nikapanda matatu ya barabara ya Kitui, nikapita Masii, nikashuka Wamunyu. Nilitaka kuona mahali ilipoanzia. Niliyoyasikia huko, nikiyaweka pamoja na yale yaliyoandikwa na wataalamu, yanaonyesha kwamba kazi hii ilitoka Pwani, ikaenda bara, kisha ikarudi Pwani ikiwa imekua.

Tuanze kabla ya Mutisya, maana fundi haoti kama uyoga.

Watu wengi wakisikia fundi Mkamba hufikiria mti. Zamani sifa kubwa ya mafundi wa Ukambani ilikuwa pia ya madini: pete, vikuku, hereni na mikufu. Misafara ya Wakamba ilishuka Pwani katika karne ya 19 na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, ushanga na masango, yaani zile waya nene za shaba zilizoletwa na majahazi na meli. Masango yakifika Ukambani hayakuvaliwa vivi hivi. Fundi aliyapasha moto, akayapitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu, akavuta kutoka tundu kubwa hadi dogo mpaka waya ukawa mwembamba kama uzi. Kwa uzi huo alisuka mikufu ya vipete vidogo vidogo, kipete ndani ya kipete, mpaka mkufu ukalala mkononi kama kitambaa. Mwanasayansi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kati ya 1910 na 1912, aliandika kitabu kikubwa juu ya watu hao na kazi zao za mikono.

Waya huo huo ulitiwa kwenye mti. Wazee wa Kikamba walikuwa na vigoda vya miguu mitatu, vilivyochongwa kutoka gogo moja bila kuunga. Juu ya kiti, pale pa kukalia, fundi alikata mifereji myembamba, akalaza humo waya wa shaba kwa mizunguko na nyota, kisha akaupiga taratibu mpaka ukawa sawasawa na mti. Ukipitisha kidole hupati kikwazo. Vigoda vya namna hiyo leo vimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na karibu vyote havina jina la aliyevitengeneza.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo. Ulaya ya karne ya 16 ilikuwa na mafundi wa pete wanaosifiwa mpaka leo. Walitia rangi ya kioo juu ya dhahabu, wakachonga vichwa vya watu kwenye mawe madogo kuliko punje ya mahindi, wakatengeneza pete mbili zinazofungamana zikawa moja, za wachumba. Ni kazi ya ajabu, sibishi. Lakini mmoja wao, Benvenuto Cellini wa Florence, twamjua vizuri kwa kuwa alikaa akaandika maisha yake mwenyewe na kitabu cha ufundi wake. Na London, tangu 1300, sheria ilitaka vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui kabla ya kuuzwa. Kwa hivyo kazi ilikuwa na ushahidi. Ufundi wa Ukambani haukuwa na chapa wala kitabu. Ulikuwa na macho ya wanakijiji, waliomjua fundi wao kwa mkono wake kama tunavyomjua mtu kwa mwandiko. Macho hayo yakifumba, jina linakwenda nayo.

Mutisya Munge alizaliwa katika mila hiyo. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia alikuwa tayari anajulikana kwao kwa fimbo za wazee na vigoda. Kizazi chake kiliona mambo mazito. Kampuni ya Waingereza ilijenga kituo Machakos mwaka 1889, mahali palipopewa jina la Masaku, mtabiri wa Kikamba, na kwa miaka kadhaa hapo ndipo palikuwa makao ya utawala wa bara. Kisha reli iliyoanza Mombasa 1896 ikapita mbali na mji huo, ikafika Nairobi 1899, na ukubwa wote ukahamia huko. Katika miaka hiyo hiyo, 1898 na 1899, ukame na njaa viliua watu wengi Ukambani, na baadhi ya jamaa wakashuka Rabai na maeneo ya bara ya Pwani kutafuta chakula. Wajukuu wao ni majirani zetu mpaka leo.

Vita vikaja 1914. Waingereza wa Kenya wakapigana na Wajerumani wa Tanganyika, na mzigo wa vita ukabebwa kichwani na Mwafrika. Mwaka 1917 uchukuaji wa watu kwa nguvu ulizidi, na aliyepewa kazi ya kuusimamia ni John Ainsworth, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mtawala pale pale Machakos. Wapagazi waliosajiliwa kufa upande wa Waingereza walizidi 40,000, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililogeuka Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Tunayataja majina hayo kila siku tukienda sokoni, bila kukumbuka kwamba ni makaburi.

Mutisya alikuwa mmoja wa waliopelekwa Tanganyika katika vita hivyo, na Mungu alimjalia kurudi. Wengi walirudi na homa, wengine na kilema. Yeye alirudi na ufundi.

Huko Tanganyika alikutana na wachongaji. Wapo wanaosema walikuwa Wamakonde, lakini masimulizi yenye nguvu zaidi yanawataja Wazaramo, watu wa Pwani wenzetu, wenyeji wa Dar es Salaam na vitongoji vyake. Wazaramo walikuwa na uchongaji wao wa asili. Mashuhuri ni mwana hiti, kile kisanamu kidogo chenye kichwa cha vishungi viwili na mwili wa mviringo, ambacho mwari hupewa akiwa ndani. Pia walikuwa wameanza kuchonga sanamu za watu na za wanyama kwa kuwauzia Wazungu wa mji na wa misheni. Hilo ndilo lililomshangaza Mutisya. Kwao mti ulichongwa uwe kitu cha kutumia: kijiko, mzinga, kigoda, upinde, fimbo. Hapa aliona mti unachongwa ili utazamwe, na anayetazama anatoa pesa.

Naamini mtu mwingine angeona akapita. Lakini yeye alikuwa na mkono uliokwisha kuzoea tezo, na akili ya mfanyabiashara wa Kikamba. Akawatazama Wazaramo wanavyouchagua mpingo, wanavyoondoa ganda jeupe mpaka wafike kwenye kiini cheusi, wanavyougeuza mti na kuukata kidogo kidogo bila haraka, maana mpingo ni mgumu na ukiukosea haukusamehe.

Vita vikaisha Novemba 1918. Mutisya akarudi Wamunyu, na badala ya kurudia fimbo na vigoda peke yake akaanza kuchonga sanamu. Masimulizi ya kwao yanasema mwanzo alifanya kazi kwa siri, mbali na macho ya watu, yeye na wa nyumbani mwake. Wapo wanaoona huo ni uchoyo. Mimi sioni hivyo. Kila fundi wa Pwani anaelewa. Mafundi wa fedha wa Lamu hawakufundisha kila mpita njia, na fundi wa milango alimpa siri zake mwanawe au mwanafunzi aliyemkalia miaka. Siri ya kazi ndiyo mali ya maskini asiye na shamba kubwa wala ng'ombe wengi.

Lakini siri ya Ukambani haikai. Watu waliona vitu vinatoka kwa Munge na Wazungu wanatoa fedha: maofisa wa serikali, wamisheni, walowezi wa karibu. Jamaa wakaomba kufundishwa, majirani wakaiba kwa macho, na katika miaka ya 1920 na 1930 kijiji kizima kikaanza kusikika sauti ya tezo. Vitu vya mwanzo vilikuwa vya kumpendeza mnunuzi wa wakati ule: vijiko vya saladi vyenye kichwa cha mtu kwenye mpini, visu vya kufungulia barua, sanamu za askari na za wapiganaji wa Kimasai, kisha wanyama.

Nani alijua wakati huo kwamba kazi hii ingeokoa nyumba nyingi? Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa kisingizio cha kupunguza mifugo. Watu wa Machakos wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, naye akakamatwa akahamishiwa Lamu. Hapo tena Machakos na Pwani zikakutana, safari hii kwa machungu. Mtu aliyenyang'anywa ng'ombe lakini ana tezo na kipande cha mti hakubaki mikono mitupu. Ndiyo maana nasema urithi wa Mutisya ulikuwa chakula kabla haujawa sanaa.

Vita vya pili vya dunia vikaleta askari wa Kiingereza kwa maelfu nchini Kenya, nao walitaka kitu cha kupeleka kwao. Biashara ikafura. Wachongaji wa Wamunyu na watembezaji wao wakahamia Nairobi, wakafika Dar es Salaam, wakafika Mombasa penye meli na wageni. Mwaka 1958 mwanauchumi Walter Elkan aliandika utafiti juu ya biashara hii ya vinyago vya Afrika Mashariki, na jina la Mutisya Munge likaingia katika maandishi ya wasomi. Ni bahati iliyowakosa maelfu ya mafundi wenzake.

Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika, na makao yake yakawa Changamwe. Kila mwenyeji wa Mombasa apajua. Ukiingia pale unakutana na vibanda safu kwa safu, vumbi la mti miguuni, mmoja anakata gogo, mwingine anatoa umbo kwa tezo, mwingine ameketi na kisu anatia macho na nywele, na kina mama wanapiga msasa. Hata neno msasa ni letu la Pwani. Ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo mafundi wetu walisugulia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja.

Basi tazama mzunguko wake. Waya wa pete na mikufu ulipanda kutoka Pwani ukawa ufundi Ukambani. Uchongaji wa sanamu ulitoka kwa Wazaramo wa Pwani, ukapanda Machakos ndani ya kichwa cha mpagazi wa vita, ukakulia Wamunyu, ukateremka Changamwe. Mwenye kusema hii si kazi ya Pwani aniambie mpaka anauweka wapi.

Najua wapo kati yetu wasioweka sanamu za viumbe nyumbani kwa sababu ya dini. Nawaheshimu, na nyumbani kwangu hamna. Lakini siku ile Wamunyu nilionyeshwa bakuli la mti lenye ukingo mwembamba kama kikombe cha kauri, na bangili za mti mweusi zilizosuguliwa mpaka zikang'aa bila rangi. Pete na bangili hazina ubishi wa dini. Kuna kazi nyingi mikononi mwa mafundi hawa, na heshima ya ufundi haimtaki mtu aache imani yake.

Yapo mambo mawili katika urithi huu yanayonitia wasiwasi, na siwezi kumsifu marehemu nikayaficha.

La kwanza ni mti. Mutisya alichonga kwa mahitaji ya watu wachache. Wafuasi wake wakawa makumi ya maelfu nchini, na msitu haukuongezeka. Mpingo ukaadimika mapema. Wakahamia muhugu, mti mzuri wenye harufu, nao ukakatwa katika misitu ya karibu na Nairobi na katika Arabuko-Sokoke yetu huku Kilifi. Baadaye, kuanzia miaka ya 1990, watu wa uhifadhi na vyama vya wachongaji wakahimiza mwarobaini, unaoota haraka na umejaa mashambani kwetu Pwani. Hapo mkulima wa Kilifi au wa Kwale anauza mti wake mwenyewe, na msitu unapumua. Nadhani Mutisya angekubali. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kubadili kazi yake kulingana na alichokiona. Kinachoniudhi ni mwarobaini kupakwa rangi ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo. Mwarobaini una uzuri wake, uuzwe kwa jina lake.

La pili ni jina. Mteja hununua tembo kwa bei ya kubishana, dereva aliyemleta anachukua chake, mwenye duka anachukua chake, na fundi anabaki na sehemu ndogo. Tembo huyo akifika Ulaya huitwa kazi ya Kiafrika tu. Hana kijiji wala baba. Vile vigoda vya waya wa shaba vilivyomo makumbushoni vilipotea majina kwa njia hii hii, na hawa wa leo wanapotea hivyo tukiwa tunatazama. Katika vibanda kadhaa nilivyosimama niliuliza vijana kama wanamjua Mutisya Munge. Wazee walilijua jina. Vijana wengi walijua bei ya twiga kwa kimo chake.

Sisemi haya kwa kulaumu kijana anayetafuta riziki. Nasema jambo linalowezekana bila bajeti ya serikali. Kila kitu kinachotoka chini ya tezo kichongwe jina la fundi na la mahali chini yake, kwa ncha ya kisu, herufi ndogo tu. Kazi ya dakika mbili. Milango kadhaa ya zamani ya miji yetu imechongwa mwaka juu ya kizingiti, na kwa ajili ya tarakimu chache hizo leo tunaweza kuisimulia. Mfua dhahabu wa London alilazimishwa na sheria kupeleka kazi yake ipigwe chapa. Fundi wa Changamwe na wa Wamunyu ana haki ya kuweka yake kwa hiari, na mteja anayeona jina hulipa kwa heshima zaidi kuliko anayeona rundo.

Na serikali zetu za kaunti, ya Machakos na ya Mombasa, ambazo kila mwaka huandaa maonyesho na kupiga picha mbele ya vinyago, zina jambo jepesi la kufanya: kibao Wamunyu na kibao Changamwe, chenye jina la Mutisya Munge na maneno machache ya kueleza alikotoka na alikopita, Wazaramo wakitajwa pia, kwa maana mwalimu hasahauliwi. Mtoto wa shule akipita asome.

Sisi wenyeji tuna letu. Tukipeleka mgeni kununua zawadi, tumwulize muuzaji aliyechonga ni nani. Kama hajui, twende kwa anayejua. Mcheza kwao hutuzwa, na watu hawa wamekuwa kwao hapa tangu babu zao waliposhuka na pembe na kupanda na masango. Allah amrehemu kila mwenye kuacha kazi njema nyuma yake, na Mutisya Munge aliacha ya kutosha kulisha watu asiowajua.